ULIZA UJIBIWE: Kesi ya mirathi iliyochukua miaka 116

Toleo lililopita nilitaja Vita ya Miaka Mia kwa mstari mmoja tu, nikapita zangu, kumbe nimechokoza nyuki. Maswali yamekuja mengi, mengine yanafanana, nimechagua manne.

Swali (msomaji, Tanga): Shikamoo Mzee. Umeandika vita ya Waingereza na Wafaransa ilianza 1337 ikaisha 1453. Mi nimetoa kwa kalkuleta napata 116 sio 100. Na hasa hasa waligombania nini?

Marahaba mjukuu wangu. Kalkuleta yako haina shida. Jina wamelitoa waandishi wa historia waliokuja baadaye sana, wale waliopigana wenyewe hawakulijua, wao walichojua ni kwamba mwaka huu tunapigana, mwakani tunasimamisha, tunaoana kidogo, afu tunaanza tena. Katikati hapo tauni ya 1348 nayo ikapita kote kote, ikafyeka watu kuliko upanga wowote.

Sasa ugomvi. Kaa vizuri maana hapa ni ukoo. Mfalme Philippe IV wa Ufaransa alikufa 1314 akaacha watoto wa kiume watatu, na mtu mwenye watatu anasema nyumba yangu imekaa sawa. Haikukaa. Mkubwa, Louis X, akafa 1316 mkewe ana mimba, mtoto akazaliwa wa kiume, akawa mfalme siku kama tano akafa na yeye. Kulikuwa na binti, Jeanne, bado mdogo kabisa, baba yake mdogo akamruka akakalia kiti mwenyewe. Huyo baba mdogo ndo Philippe V, akafa 1322 kaacha mabinti watupu, nao wakarukwa kwa mtindo uleule alioanzisha baba yao (hapo huwa nacheka, Mungu anisamehe). Akaja wa tatu, Charles IV, akafa 1328 bila mtoto wa kiume. Miaka 14 tu nyumba imefungwa.

Kabaki dada yao, Isabelle, aliyeolewa Uingereza, na mwanae Edward III alikuwa na miaka 15 na tayari ni mfalme huko kwao. Yaani mpwa wa marehemu kabisa. Wakubwa wa Ufaransa wakamruka na yeye, wakamchukua Philippe wa Valois, mtoto wa baba mdogo wa marehemu. Hoja yao ni kwamba mama hana haki ya kiti, sasa atampaje mwanae kitu asichokuwa nacho? Na usisahau hakuna aliyetaka kutawaliwa kutoka London.

Ila mi sikubaliani na wanaosema vita ilianza kwa sababu ya kiti. Angalia tarehe. Mwaka 1329 Edward alisafiri mpaka Amiens akala kiapo cha utii mbele ya huyohuyo Philippe, sasa mtu kaporwa urithi anaenda kumwapia aliyempora? Alienda kwa sababu alikuwa na ardhi ndani ya Ufaransa, upande wa Bordeaux, ardhi ya mababu, inatoa mvinyo unaosombwa na meli kwenda Uingereza na ushuru wake ni mnono, na kwa taratibu za umwinyi ukishika ardhi kwa mfalme mwingine lazima umtii hata kama na wewe una taji lako nyumbani. Walikubaliana hivyo Paris mwaka 1259 na toka siku hiyo ikawa fitina tupu, kila mtu wa ardhi ile akiudhiwa anakimbilia mahakama ya Paris, na kila mara mfalme wa Uingereza anaaibika. Mei 1337 Philippe akatangaza ameichukua ardhi ile. Hapo ndo Edward akakumbuka vizuri kwamba mama yake ni binti wa nani, na Januari 1340 akiwa Ghent akajiita mfalme wa Ufaransa. Kwa hiyo mjukuu, mirathi ilikuwa koti, ndani ya koti ni Bordeaux.

Swali (msomaji, Bujumbura): Mzee, kuna mtu kaniambia mfalme wa Ufaransa alitekwa, akaachiwa, halafu akarudi jela kwa miguu yake. Mi nikasema hizo ni hadithi.

Kama mliwekeana dau, lipa, maana ni kweli. Ni Jean II, alikamatwa kwenye mapigano ya Poitiers Septemba 1356 pamoja na mwanae mdogo wa miaka 14, wakapelekwa Uingereza, na Waingereza wakaelewa wamevua samaki wa mwaka. Mwaka 1360 wakapatana kule Brétigny, fidia milioni 3 za dhahabu zinazoitwa écu, pesa ambayo nchi yenyewe haikuwa nayo. Jean akaachiwa aende kuitafuta, akaacha wakubwa kibao rehani wakiwemo watoto wake. Mmoja wao, Louis wa Anjou, akachoka, 1363 akatoroka akarudi kwa mkewe. Baba akasema heshima imekwenda na maji, akapanda meli mwenyewe akarudi London, akafa huko Aprili 1364. Wengine wanasema ni uungwana, mi nasema pia maisha ya London yalikuwa matamu, mfungwa gani anakaa kwenye jumba la kifahari anakula karamu? Fidia haikuisha kulipwa.

Na wewe wa Bujumbura hii inakuhusu. Ili kulipa fidia hiyo ilitengenezwa sarafu mpya ya dhahabu mwaka huohuo 1360, mfalme yuko juu ya farasi, ikaitwa franc. Jina likakaa Ufaransa, likaenda Ubelgiji, Wabelgiji wakaja nalo kwenu, kwa hiyo faranga unayonunulia samaki wa mukeke leo jina lake limetokana na deni la mtu aliyetekwa Poitiers.

Swali (msomaji, Mwanza): Ni kweli mishale ndo iliwapa Waingereza ushindi?

Kwa sehemu kubwa ndio, kwenye mapigano ya Crécy 1346 na Agincourt 1415, ingawa Agincourt matope yalisaidia sana, shamba lililolimwa juzi, mvua ya usiku kucha, afu watu wazima wamevaa chuma kichwani mpaka vidoleni wanatembea humo. Upinde ule mrefu haujifunzi kwa wiki mbili, unaanza utotoni. Ndo maana 1363 Edward akaamuru wanaume sikukuu wafanye mazoezi ya mishale, na akapiga marufuku mpira wa miguu. Usicheke, ni kweli.

Swali (msomaji, Nairobi): Yule msichana aliyechomwa moto, Jeanne d'Arc, ndiye alimaliza vita? Na nani alishinda mwishowe?

Hapana dada, hakuimaliza, ila bila yeye ingeisha vingine. Mfalme Charles VI alishikwa na kichaa 1392, kuna wakati aliamini mwili wake ni wa kioo akaogopa kuguswa, na ndugu zake wakaanza kuuana kugombania nani aendeshe nchi. Henry V wa Uingereza akaingia katikati yao, na 1420 kule Troyes kichaa wa watu akasainishwa kwamba mrithi ni Henry, mwanae wa kumzaa katupwa nje. Henry kidogo tu avae mataji mawili, akafa Agosti 1422, na kichaa akafa Oktoba. Miezi miwili! Taji zote mbili zikaangukia mtoto wa Henry, hajafikisha hata mwaka.

Yule aliyetupwa nje, Charles, alikuwa kajificha kusini hana pesa wala moyo. Jeanne, binti wa mkulima, miaka kama 17, anasema anasikia sauti za watakatifu, akamfuata Chinon 1429. Mei 8 Waingereza wakaondoka Orléans, Julai 17 Charles katawazwa Reims. Mwaka uliofuata Jeanne akakamatwa Compiègne na Wafaransa wenzake wa upande wa mtawala wa Burgundy, walioshikana na Waingereza, wakamuuza kwa Waingereza kwa pesa ya Ufaransa livre 10,000, na mfalme ambaye Jeanne alimsaidia kuvaa taji hakutoa hata senti kumkomboa. Akachomwa Rouen Mei 30, 1431. Hukumu ilifutwa 1456, kwa faida ya nani sijui.

Walioimaliza ni watu ambao hawachongewi sanamu, wakusanya kodi. Charles alipata kodi ya kudumu, 1445 akaunda jeshi la kudumu la mshahara, akanunua mizinga, na Julai 1453 pale Castillon jemadari mzee wa Waingereza, Talbot, aliongoza watu wake moja kwa moja mbele ya mizinga hiyo, akafa. Oktoba Bordeaux ikawatoka Waingereza. Huko Ufaransa wakabaki na bandari ya Calais tu mpaka 1558. Ila cheo cha mfalme wa Ufaransa wafalme wa Uingereza waliendelea kujiandika mpaka 1801, na wakati huo Wafaransa wenyewe walikuwa washamkata mfalme wao kichwa miaka minane iliyopita.