Kabla hujanunua mashine ya kupima povu

Ukiniuliza mashine ipi ya kupima povu ni nzuri, nami nitakuuliza: unataka kujua povu linadumu kwa muda gani, au maji yanalitoka kwa kasi gani? Ni mambo mawili tofauti. Povu linaweza kusimama kwenye silinda, kimo hakijashuka hata milimita, kumbe nusu ya maji yake yameshajikusanya chini. Anayesoma kimo ataandika "imara". Anayesoma maji ataandika jingine kabisa, na hakuna aliyekosea.

Kwa kulinganisha sabuni na sabuni, bado naipenda njia ya Ross na Miles ya mwaka 1941. Mililita 200 za mchanganyiko wa maji na sabuni huanguka kutoka kimo cha sentimita 90 hadi kwenye mililita 50 za mchanganyiko uleule; unasoma kimo cha povu papo hapo, kisha tena baada ya dakika 5. Rahisi, ila kuhusu maji yanayochuruzika haikwambii kitu.

Kwa maji hayo, anza na chombo chenye tundu chini, mizani na saa. Pima uzito wa maji yanayotoka mpaka yafike nusu ya yale yaliyokuwa ndani ya povu. Muda huo ndio namba yako. Wenzetu wa povu la kuzimia moto hawasubiri nusu, wao huchukua asilimia 25.

Mashine ghali hupuliza gesi kupitia kioo chenye vitundu vidogo, kamera ikipiga picha za viputo na elektrodi zikipima umeme katika vimo mbalimbali. Umeme hupita kwenye maji, si kwenye gesi, kwa hiyo unaona povu linavyokauka kuanzia juu kwenda chini. Hapo kweli unapata thamani ya pesa yako. Picha zisikulevye, lakini: kamera huona viputo vilivyogusa ukuta wa kioo wa silinda tu, vya katikati haivioni.

Andika pia gesi uliyotumia. Kabonidioksaidi huyeyuka kwenye maji kuliko naitrojeni, hivyo hupenya kuta za viputo upesi, vikubwa vikameza vidogo na povu likafa mapema. Mchanganyiko uleule, majibu mawili! Joto nalo lisibadilike, kwani maji ya moto huwa mepesi kutiririka na hushuka haraka. Ziba mdomo wa silinda ili povu lisikaushwe na hewa. Na usafi: mabaki kidogo tu ya mafuta ya silikoni kwenye kioo yanatosha kuua povu, nawe ukailaumu sabuni.

Muuzaji akikualika kwenye onyesho, atakuwa na sampuli yake inayotoa povu zito la kupendeza. Nenda na yako, tena ile dhaifu inayokufa ndani ya sekunde chache. Mashine ikianza kusoma povu likiwa limeshaanguka, mshukuru na uondoke.