Mguse ng'ombe chini ya sikio kabla hajaacha kula

Wengi wetu hapa Goma tuna ng'ombe wawili watatu kwa mchungaji kule Masisi, na habari zao tunazipata kwa simu. "Papa, yule wa mabaka hali nyasi tangu jana." Kama ni ndigana kali, ugonjwa unaoletwa na kupe, basi umeshamtangulia mchungaji kwa siku kadhaa. Kwa hiyo nawaomba jambo moja: mfundisheni kushika tezi.

Mbali na damu, mwilini mwa ng'ombe hupita maji yaitwayo limfu. Hayana moyo wa kuyasukuma. Yanasogezwa na misuli mnyama anapotembea, kisha yanachujwa kwenye tezi zilizojaa chembe nyeupe za kinga. Kila tezi ina eneo lake. Ya chini ya sikio hupokea yanayotoka kichwani, ya mbele ya bega yanayotoka shingoni na mguu wa mbele. Kupe wa kahawia anayeleta ndigana kali hupenda kujificha sikioni, ndiyo maana tezi ya chini ya sikio kwa kawaida huvimba kwanza, mara nyingi kabla ya homa.

Kijidudu chenyewe, Theileria parva, huingia ndani ya chembe nyeupe zilezile zinazopaswa kukiua, kikazilazimisha kugawanyika nacho kikigawanyika pamoja nazo. Tezi haijai usaha. Inajaa askari wa mwili waliotekwa. Chembe hizo zilizotekwa zikisambaa, mapafu hujaa maji na povu hutoka puani, na hapo dawa mara nyingi haiwahi. Ndama na ng'ombe wa kisasa kama Friesian ndio huumia zaidi.

Anza na ng'ombe asiye mgonjwa. Jioni, akiwa ametulia, simama ubavuni mwake, kandamiza vidole mbele ya bega na uvute polepole kuja mbele. Utahisi kitu kirefu kinachoteleza chini ya ngozi. Kizoee kwa kila ng'ombe, kulia na kushoto, halafu pandisha mkono hadi chini ya sikio, nyuma ya taya. Mchungaji aliyezoea hali ya kawaida hahitaji kuambiwa siku tezi itakapokuwa imekua; vidole vyenyewe vitamshtua.

Lakini asitishike kwa kila uvimbe. Ng'ombe akichanjwa shingoni, tezi ya bega la upande ule inaweza kukua siku chache, na hiyo ni kinga ikifanya kazi yake. Kidonda mguuni nacho huvimbisha tezi ya karibu yake. Kinachonitia hofu ni tezi zaidi ya moja, pamoja na homa. Joto la kawaida la ng'ombe ni kama digrii 38.5, likipita 39.5 na tezi zimevimba, mpigie veterineri siku hiyohiyo. Njia za huku mnazijua, na kufika kwake kunaweza kuchukua muda.

Kuhusu dawa, naona watu wanakimbilia oksitetrasaiklini, ile antibiotiki, kwa kuwa ndiyo iliyo karibu. Hiyo hutibu ndigana baridi, ugonjwa mwingine wa kupe, ambao hauvimbishi tezi namna hii. Ndigana kali ikishashika hutibiwa kwa buparvakwoni, na ikitolewa mapema huponya vizuri. Muulize veterineri kipimo kulingana na uzito.

Ipo pia chanjo iliyotokana na utafiti wa Muguga, Kenya. Ng'ombe hudungwa vijidudu hai na kupewa wakati uleule oksitetrasaiklini ya kukaa muda mrefu mwilini, ili augue kidogo tu huku chembe zake zikijifunza kuwaua wenzao walioambukizwa. Kwa kuwa ni vijidudu hai, haihifadhiwi kwenye friji ya nyumbani wala haidungwi na jirani mwenye sindano. Mtafute veterineri aliyefunzwa kuitoa, na hata baada ya chanjo endelea kunyunyizia dawa ya kupe, hasa ndani ya masikio.