Barua kwa mwanangu: Saini na kidole gumba

Kilema, Moshi

Mwanangu mpendwa,

Tumsifu Yesu Kristo. Huku tu wazima. Mguu wa mama yako umepungua kuvimba, na migomba ya kihamba cha chini imeanza kubeba.

Simu ya juzi ilikatika kabla sijakujibu, na swali lako nimelala nalo siku tatu. Ulisema siku ya Mei Mosi padre wenu huko Dar alihubiri mishahara mwanzo hadi mwisho, akaigusa na serikali, ukatoka kanisani umekereka. Ukaniuliza: "Baba, mtu kausoma mkataba, kakubali, kasaini. Kanisa linatafuta nini hapo?" Najua hukuuliza kwa ubishi. Wewe ndiye unayeiandaa mikataba hiyo ya miezi mitatu mitatu, na uliniambia wapo watu ishirini uliokwisha kuwasainisha mara sita.

Hoja yako ni ya zamani, mama, na jibu lake nalo ni la zamani. Mwaka 1891 Papa Leo XIII alitoa waraka uitwao Rerum Novarum. Wenye viwanda wa Ulaya siku zile walisema kama wewe: tumepatana naye, kakubali mwenyewe. Papa akajibu kwamba kabla ya mapatano kuna haki, na haki hiyo inataka ujira umtoshe mtu kuishi kwa kiasi. Anayekubali chini ya hapo kwa kuwa akikataa atalala njaa, huyo ameonewa. Papa huyohuyo alitetea mali ya mtu binafsi na kuwapinga wajamaa waliotaka kuifuta, kwa hiyo asikudanganye mtu kwamba padre wenu alihubiri ukomunisti. Alitetea pia haki ya wafanyakazi kuunda vyama vyao. Papa wetu wa sasa, aliyechaguliwa Mei 2025, alieleza kwamba alijiita Leo kwa sababu ya waraka ule hasa.

Mimi mafundisho hayo niliyaelewa mbele ya mizani, kabla sijaushika waraka wowote. Nilipoanza ukarani wa kupima kahawa, nikiwa kijana, aliyenitangulia alinifundisha hivi: mshale ukisimama kilo kumi na nane na robo tatu, andika kumi na nane. Ni unyevu, alisema, na uzito wa gunia. Nikaandika. Sasa, alikuwepo mama mmoja mjane. Kahawa yake aliileta kidogo kidogo, kwenye kikapu alichojitwika kutoka juu kabisa, imekauka vizuri, ukiitikisa inalia kama kokoto. Leo kilo saba na robo tatu, wiki ijayo tano na nusu. Mwenye magunia makubwa alikatwa robo yake mara chache kwa msimu, wala haikumuuma. Yule mama alikatwa kila alipokuja, na alikuja mara nyingi kwa sababu hakuwa na mtu wa kumbebea mzigo mkubwa. Usiku mmoja niliwasha taa nikajumlisha msimu wake mzima: kilo kumi na moja na nusu zilikuwa zimepotea. Na kila stakabadhi ilikuwa na alama ya kidole gumba chake. Alikuwa amekubali, mwanangu, kwa wino.

Nililia, sikufichi. Yakobo ameandika kwamba ujira wa wakulima uliozuiwa kwa hila "unapiga kelele", na mimi ndiye niliyekuwa nimeshika kalamu. Kuanzia msimu uliofuata nikaandika robo na nusu zote kama mshale ulivyosema. Nikaitwa, nikagombezwa, nikahamishiwa ghalani mwaka mzima. Kwa hiyo ninapokwambia kwamba saini haimalizi mambo, naijua saini ninayoisema.

Uliuliza pia siasa inaingiaje. Inaingia kwa sababu mwajiri mmoja mwema hatoshi. Atashindwa na jirani yake anayelipa kidogo, mpaka sheria iwabane wote wawili. Ujerumani Magharibi, baada ya Vita Kuu ya Pili, chini ya Kansela Konrad Adenauer, Mkatoliki, sheria ya 1951 iliwapa wafanyakazi wa migodi ya makaa na viwanda vya chuma nusu ya viti katika bodi zinazosimamia kampuni. Wakatoliki wa huko walikuwa wamelidai jambo hilo kwenye kongamano lao la Bochum miaka miwili kabla.

Na sisi tuna Mwalimu Nyerere. Azimio la Arusha lilitangazwa tarehe 5 Februari 1967. Wiki saba baadaye Papa Paulo VI akatoa waraka wa Populorum Progressio, akasema haki ya kumiliki mali ina mipaka, hakuna aliye na ruhusa ya kujilimbikizia wakati wenzake wanakosa mahitaji. Sisemi mmoja alinakili kwa mwenzake. Nasema Mwalimu, mtu wa misa, alikunywa kisima kilekile. Mwaka 1970 aliwaambia masista wa Maryknoll kule Marekani kwamba Kanisa lisiposhiriki kuupinga mfumo unaowafunga watu katika umaskini, litahesabiwa upande wa dhuluma.

Lakini mafundisho haya, mbali na mshikamano, yana mguu wa pili, na wengi wanausahau. Unaitwa auni. Papa Pius XI aliueleza mwaka 1931: kazi ambayo watu wa chini wanaiweza wenyewe, ni dhuluma kuwanyang'anya na kuipa mamlaka ya juu. Mkubwa amsaidie mdogo, asimmeze. Miaka miwili baadaye, 1933, wakulima wa mlima huu walikuwa na chama chao kikuu cha ushirika, KNCU, wakiuza kahawa kwa jina lao. Mwaka 1976 serikali ikavivunja vyama vikuu vyote vya ushirika nchini. Malalamiko ya wizi na uzembe yalikuwepo, ni kweli, lakini nyumba yenye panya haibomolewi. Wazee waliokuwa wakibishana bei mkutanoni walibaki kuelezwa bei. Sheria ya 1982 ilipoviruhusu tena, wengi wa wabishi wale walikuwa makaburini. Nampenda Mwalimu, na naomba siku moja atangazwe mtakatifu. Kwenye mshikamano alikuwa mwanafunzi hodari wa Kanisa lake. Kwenye auni alikosea, na sisi huku tuliona gharama yake.

Rudi sasa kwa watu wako ishirini. Sikwambii uache kazi, wala umtukane bosi wako. Chukua mmoja wao, yule uliyeniambia anakaa Mbagala na watoto wawili, ukae naye chini na karatasi. Chumba, nauli kwenda na kurudi, unga, mafuta, sare za shule, dawa ya mtoto akiugua. Jumlisha, uweke kando ya mshahara ulio kwenye mkataba uliouandaa. Kisha muulize swali moja: mkataba unapokaribia kwisha, ile wiki ya mwisho, analalaje?

Hesabu hiyo uje nayo Desemba. Daftari langu la mizani liko kabatini, tutakaa nayo yote mawili barazani.

Mama yako anakusalimu, anasema usisahau dawa zake za mguu.

Baba yako