Forester ya turbo inayokunywa oili: usikimbilie kununua injini

Ndugu, umesema Subaru Forester yako ya turbo, yenye injini ya EJ20, inamaliza lita 1 ya oili kati ya servisi na servisi, yaani kilomita 5,000, chini ya gari ni pakavu, na makanika wako wa Kisumu keshaamua ringi (pete za pistoni) zimekwisha, utafute injini iliyotumika kutoka Japani. Mimi gari kama hilo naishi nalo hapa Nakuru, na hukumu hiyo naona imetolewa mapema mno. Vitabu vya baadhi ya magari vinakubali hata nusu lita kwa kila kilomita 1,000. Kwa turbo ya umri huo, lita 1 kwa 5,000 ningeongeza tu na kusonga mbele, mradi haizidi.

Bado inafaa ujue inakokwenda. Angalia moshi wa bluu unatoka lini. Ukitoka asubuhi ukiwasha halafu ukatike, fikiria sili za valvu, zile zinazozuia oili kuingia kwenye silinda. Lakini silinda za injini hii zimelala ubavu, na ukiliegesha gari mahali pameinama, wingu dogo la moshi la mara moja halina neno. Ukifuata unapokanyaga, hapo ringi au turbo. Langu lilipanda Timboroa safi kabisa. Shida ilikuwa kuteremka kurudi Salgaa: gia imeshikilia, mguu umetoka kwa mafuta, njia ya hewa imefungwa na pistoni bado zinavuta, basi zinafyonza oili kupitia sili zilizokauka. Ukikanyaga tena huko chini, aliye nyuma haoni barabara. Wewe una mteremko wa Kericho kuja Ahero, mwombe mtu akufuate.

Kisha fungua bomba la intakula (kinachopoza hewa itokayo kwenye turbo) upitishe kidole ndani. Unyevunyevu ni kawaida. Oili ikidondoka, wengi hulaumu turbo na kununua nyingine, nayo inavuja vilevile, kwa sababu oili ya turbo hurudi chini kwa uzito wake tu. Valvu ya PCV, inayotoa hewa chafu ndani ya injini, ikiganda, shinikizo hujaa ndani ya injini na kuizuia oili kurudi, inatafuta njia kwenye turbo. Oili ikijazwa kupita alama, mambo ni yale yale. Hiyo valvu ni kitu kidogo cha bei ndogo, na mipira yake hupasuka upande usioonekana, kwa hivyo itoe yote uikague mkononi. Ukiwa hapo, fungua pia boliti ya bomba linalopeleka oili kwa turbo. Nyingi zina kichujio kidogo cha wavu ndani. Kikiziba kwa matope ya oili, turbo inakufa kwa kiu.

Makanika akitaka kupima kompresheni (mgandamizo wa hewa ndani ya silinda) kwa kumimina oili ndani ya silinda, mwambie hiyo ni ya injini zenye silinda zilizosimama wima. Kwa Subaru oili inalala upande mmoja na kipimo kinadanganya. Dai kipimo cha hewa: valvu zimefungwa, hewa inasukumwa kupitia tundu la plagi, mnasikiliza. Ikivuma kwenye mdomo wa kumiminia oili, ni ringi au pistoni. Kwenye ekzosi, valvu. Silinda moja ikiwa mbaya peke yake, shuku pistoni iliyopasuka kati ya ringi, hasa kama aliyekuwa na gari kabla yako aliongeza nguvu ya turbo bila kurekebisha kompyuta. Injini za EJ25, ndugu wa EJ20, ndizo zenye sifa mbaya zaidi kwa hilo.

Kinachoua hizi injini mara nyingi ni oili kupungua bila mwenyewe kujua. Inabeba lita 4 na kidogo tu, kwa hivyo ikipungua 1, kwenye kona kali pampu inavuta hewa na beringi zinakwenda. Pima asubuhi kabla ya kuwasha, mahali tambarare, kwa sababu oili hurudi polepole.

Na hiyo injini ya Japani, mwuzaji akikataa ipimwe hewa kabla hujalipa, ondoka.