Toleo jipya la mfumo endeshi: tarehe ya kugandisha itangulie orodha

Mkuu, nimekuelewa hivi: mko watu sita, mfumo wenu umejengwa juu ya Debian 12 (mfumo endeshi huria wa Linux), mnataka toleo lijalo likae juu ya Debian 13, mmeshaorodhesha mambo 40 mapya ila tarehe hamna. Unauliza kipi kitangulie. Tarehe. Tena si tarehe ya kutoa, ni tarehe ya kugandisha: siku ambayo ikishapita hakiingii kipya, zinarekebishwa hitilafu tu.

Nimekuwa miaka saba kwenye timu ya kujitolea ya mfumo mdogo kama wenu, na toleo letu la kwanza tulilipanga kama mnavyolipanga nyinyi. Kila mtu alikuwa na chake kwenye orodha, na kila kimoja kilikuwa "kimebaki kidogo tu". Wa kisakinishi anamsubiri wa disktopu, wa disktopu anasubiri maktaba fulani (msimbo unaotumiwa na programu nyingi) itoke, maktaba ikitoka inavunja kisakinishi. Tulizunguka hivyo miezi 14. Siku tunatoa, kivinjari tulichokifungasha kilishapitwa na wakati, na wiki ileile watu wakaanza kutuuliza mbona kina matundu ya usalama yaliyozibwa zamani.

Hata wakubwa yamewapata. Debian 3.0 ilitoka Julai 2002, 3.1 ikaja Juni 2005, na katikati kisakinishi kiliandikwa upya. Siku hizi wanagandisha kwa hatua. Kwa Debian 13, tarehe 15 Machi 2025 walifunga mabadiliko makubwa ya maktaba, 15 Aprili wakazuia vifurushi (programu zilizofungashwa) vipya, 15 Mei vifurushi muhimu vikaanza kuhitaji idhini ya timu ya matoleo, na 27 Julai kila kifurushi kikahitaji idhini hiyo. Tarehe 9 Agosti likatoka. Ubuntu, mfumo mwingine uliojengwa juu ya Debian, wao wameamua kutoa Aprili na Oktoba, basi. Toleo lililowahi kuchelewa ni la 2006, ndiyo maana linaitwa 6.06 badala ya 6.04 (namba ni mwaka na mwezi), kuchelewa kwao kumeandikwa kwenye jina milele.

Sasa hayo mambo 40. Kwa watu sita mimi ningebakisha matano, na sitanii. Kila kipengele kiwe na mtu wa pili anayeweza kukirekebisha wakati aliyekiandika hayupo, na kiwe kinafanya kazi kwenye mashine ya mtu mwingine wiki mbili kabla ya kugandisha. Kisichotimiza hayo kinasubiri toleo linalofuata. Kuna atakayenuna. Kwenye kerneli ya Linux (kiini cha mfumo) dirisha la kupokea mapya hufunguliwa wiki mbili, kisha ni majaribio wiki hadi wiki, na aliyechelewa anajua dirisha jingine liko miezi miwili mbele. Mtu hanuni sana akijua zamu yake inakuja lini, kwa hiyo toleo la baadaye nalo lipeni tarehe mapema.

Muda mtakaookoa, umwageni kwenye majaribio ya kupandisha toleo. Timu ndogo nyingi hujaribu usakinishaji mpya kwenye diski tupu, wanaona yote yako sawa, wanapongezana. Watumiaji wenu wengi hawana diski tupu. Mimi nilichukua laptopu yangu ya zamani yenye /boot (sehemu ya diski yenye faili za kuwashia mfumo) ya megabaiti 256, nikaipandisha kwenda 13. Ikaenda vizuri hadi ilipofika kutengeneza initrd (faili ambayo kerneli huihitaji ili kuwaka) ya kerneli mpya, ikakwama: nafasi imeisha. Kerneli mpya imekaa, initrd yake imekatikia njiani. Niliizima bila kufikiri (kosa langu), ilipowaka haikupata mfumo kabisa. Ikabidi niingie kwa flashi, niifungue ile diski, nifute kerneli mbili za zamani, nitengeneze initrd upya. Dakika 40 kwangu ninayejua ninachofanya. Maelezo ya Debian 13 yenyewe yanataka /boot ya angalau megabaiti 768, na takriban 300 ziwe wazi. Basi skripti yenu ya kupandisha ipime hiyo nafasi kabla haijagusa kifurushi hata kimoja, na ikikuta haitoshi ikatae.

Jingine dogo ila lilitutesa: tulipotoka 11 kwenda 12, fimuwea (programu ndogo zinazoendesha vifaa kama kadi ya Wi-Fi) zilihamishiwa sehemu yake mpya, non-free-firmware. Waliosakinisha upya hawakuona tatizo. Waliopandisha huku orodha yao ya hifadhi (mahali vifurushi vinakotoka) ikiwa ya zamani waliacha kupata masasisho ya fimuwea, na sisi tulikuja kugundua baada ya miezi. Kagueni nani kwenu bado yuko hivyo.

Mwisho, kwenye maelezo yako hujataja kompyuta za biti 32. Debian 13 haina tena kisakinishi wala kerneli ya i386, yaani ya biti 32; vifurushi vilivyobaki ni vya kuendeshea programu za zamani ndani ya mfumo wa biti 64. Wenye mashine hizo hamuwezi kuwapandisha. Waambieni leo, kabla hamjatangaza jambo lolote jipya, wabaki kwenye 12, na muwape tarehe ambayo masasisho yenu kwao yatakoma. Mkishaamua tarehe ya kugandisha iweke hapa, nitawasaidia kuipunguza hiyo orodha.