Moto wa jiko la peleti ukilegea, usikimbilie feni

Peleti ni vipande vidogo vya mabaki ya mimea yaliyoshindiliwa, na jiko lake hupulizwa hewa na feni. Fundi mpya akiletewa jiko la namna hiyo lenye moto dhaifu, bisibisi huwa mkononi kabla hajamsikiliza mteja. Nami nilikuwa hivyo. Mwaka wangu wa kwanza pale Katwe, Kampala, nilimbadilishia feni mama mmoja anayeuza chai na chapati Kisenyi. Kesho yake huyo, jiko kichwani, moto ni uleule. Nikamuuliza peleti anaziweka wapi. "Chini hapo, nyuma ya mtungi wa maji." Ilikuwa mwezi wa nne, mvua haikatiki.

Kwa hiyo anza na peleti. Ivunje kwa vidole: iliyokauka hukatika ta! Iliyokula unyevu hufumuka unga. Unyevu ukipita asilimia 10 hivi, joto linaishia kukausha maji, na badala ya mwali unapata moshi mweupe mzito. Angalia pia vumbi la chini ya gunia. Ukilimimina jikoni, linaziba nafasi kati ya peleti na hewa haipiti. Lichekeche, uwape wanaotengeneza makaa ya kushindilia.

Peleti zikiwa nzima, tazama mwali wenyewe. Haya majiko yana hewa mbili. Ya chini hupita kwenye wavu, peleti zikatoa gesi. Ya juu hutoka kwenye matundu ya ukingoni, na hiyo ndiyo huichoma gesi. Mwali mrefu wa manjano unaopaka sufuria masizi mara nyingi ni wa matundu ya juu kuziba, au mtu kajaza peleti mpaka zikayafunika. Mwali mfupi, unaotaka kuzimika kila mara, utakupeleka kwenye wavu. Peleti za maganda ya mpunga huacha majivu mengi sana, yanaweza kufika karibu moja ya tano ya uzito. Za maganda ya kahawa zina udhia wao: majivu yake yana potasiamu nyingi, yakipata joto kali huyeyuka na kuganda kwenye wavu kama kioo. Yagonge yakishapoa. Usiyatanue matundu kwa msumari. Nimeona majiko yaliyoharibiwa hivyo.

Kuna moto mdogo ambao si ugonjwa. Gesi ikiisha, yanabaki makaa mekundu na vimwali vya buluu. Mteja anadhani jiko limekufa. Mweleze, na umwambie asiliingize chumba kilichofungwa, maana hapo ndipo monoksidi ya kaboni, gesi ya sumu, huwa nyingi, na haina harufu.

Feni ije mwisho. Pima betri inayoiendesha kwanza: ya asidi ya volti 12 ikisoma 11.8 bila mzigo, yaani feni ikiwa imezimwa, imekaribia kwisha, na huenda paneli ya sola inayoichaji iko chini ya mwembe tu. Piga brashi mapanga yaliyoshika vumbi na mafuta. Kama kuna aliyefungua kabla yako, angalia waya. Mota nyingine ndogo ukizigeuzia waya huzunguka kinyume. Halafu washa kijiti cha udi, ukizungushe kwenye maungio ya jiko feni ikiwa inafanya kazi. Moshi ukisukumwa pembeni, hewa inatorokea hapo.

Yule mama nilimrudishia pesa ya feni. Magunia yake tuliyapandisha juu ya mbao mbili, mbali na ukuta, na zile peleti za unyevu akazianika siku jua lilipotoka. Feni ya zamani ninayo bado, inazunguka vizuri kabisa.