Dawa za nano za saratani: bechi tatu zinazofanana kwanza, panya baadaye

Kampuni ndogo ya dawa za nano, yaani dawa zinazobebwa na chembe ndogo mno, huwa na watu wachache, fedha za kuhesabu na hamu kubwa ya kumwonyesha mwekezaji uvimbe uliosinyaa. Hamu hiyo ndiyo inayoponza. Chembe za bechi ya kwanza zikiwa na nanomita 90 na za bechi ya nne 130, matokeo ya panya wa mwanzo hayasemi tena lolote kuhusu dawa unayoitengeneza sasa. Kwa hiyo tengeneza bechi tatu zinazofanana kabla ya kugusa mnyama yeyote.

Tuchukue liposomu (kifuko kidogo mno cha mafuta) ya doksorubisini, dawa ya saratani, aina ya Doxil iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1995. Fosfolipidi yake, yaani mafuta ya ukuta wake yatokanayo na soya iliyoongezwa hidrojeni, hulegea kwenye nyuzi 52 hivi za Selsiasi, hivyo wakati wa kuisukuma kupitia utando wa matundu ya nanomita 100, mtambo mzima uwe kwenye 60 hadi 65. Kupasha chupa peke yake hakutoshi. Kiungo kimoja cha bomba kikipoa, presha inapanda, utando unaziba, na lawama zote huangukia utando.

Dawa huingia baadaye. Ndani ya liposomu panakuwa na amonia salfeti ya milimola 250, na ya nje huoshwa yote. Doksorubisini hupenya, hunaswa na kuganda kama fuwele. Ikiingia chini ya asilimia 90, shuku uoshaji kabla ya kushuku kitu kingine. Salfeti iliyobaki nje hupunguza tofauti ya ndani na nje, ile inayovuta dawa ndani.

Kipimo cha ukubwa kwa mwanga nacho kina mtego. Mwanga unaotawanywa hufuata kipeo cha sita cha kipenyo, kwa hiyo chembe moja yenye kipenyo mara kumi ya wenzake hung'aa kama milioni yao. Vumbi kidogo tu na wastani umeharibika. Soma pia kipimo cha mtawanyiko, yaani jinsi ukubwa wa chembe unavyotofautiana (zaidi ya 0.2 si cha kufurahia), kisha thibitisha kwa hadubini ya elektroni.

Endotoksini, sumu ya bakteria, husahaulika mpaka panya waanze kuugua. Chujio la mikrometa 0.22 huzuia bakteria, lakini sumu yao hupita. Tena chembe zenyewe huweza kuvuruga LAL, kipimo cha endotoksini. Ongeza endotoksini ya kiasi unachokijua kwenye sampuli; kama hairudi kati ya asilimia 50 na 200, jibu hilo halifai, hata likisomeka sifuri.

Kuhusu hadithi kwamba chembe hujikusanya zenyewe kwenye uvimbe: uchambuzi uliochapishwa mwaka 2016 ulikuta kiwango cha kati cha asilimia 0.7 tu ya dozi ikifika huko, nyingi ikiishia kwenye ini na wengu. Faida kubwa ya Doxil ilikuwa kuupunguzia moyo madhara. Basi linganisha dawa yako na doksorubisini tupu kwa dozi ya juu inayovumilika ya kila moja, weka kundi la liposomu zisizo na dawa, na kagua moyo na damu pamoja na uvimbe.

Bechi za akiba zikae nyuzi 2 hadi 8. Bila sukari ya kinga kama trehalozi, barafu hupasua liposomu, na mara nyingi mtu huligundua hilo siku ya kudunga.